Neno Ubavuni mwa Mtamba

Baba yetu alikufa akiwa amelalia maandishi yangu. Sitii chumvi. Siku ile tulipokuwa tunatoa vyombo vya marehemu nje ili nyumba ifagiliwe, mdogo wetu wa mwisho, Masunga, aliinua godoro, na chini yake, juu ya kamba za kitanda, palikuwa na ngozi ya ng'ombe. Ngozi ya zamani, kavu, ukiigonga kwa kidole inalia. Ilinuka moshi na oili chafu na jasho la mzee. Ile harufu ya oili ilinipanda kichwani kabla hata sijajua naangalia nini. Nikamwambia Masunga, hebu igeuze hiyo. Akaigeuza. Upande wa manyoya, pale ulipokuwa ubavu, kulikuwa na herufi sita za upara, kila moja upana wa kiganja, zinapanda na kushuka zikielekea kwenye paja: SITAKI.

"Nani kaandika huu upuuzi?" Masunga akauliza.

"Mimi," nikamjibu. "Ndiyo maandishi yangu ya kwanza kusomwa na mtu mzima."

Akacheka, akidhani namtania. Masunga ni baba wa watoto sasa, ana bodaboda zake mbili pale Somanda, lakini wakati ule alikuwa ananyonya, na hakuna aliyewahi kumsimulia. Dada yetu Minza alikuwa amepiga magoti anafunga mashati ya baba kwenye shuka. Aligeuza kichwa chote, kama anavyogeuza tangu jicho lake la kushoto lizimike, akaitazama ngozi. Akarudi kwenye mashati yake, na mimi nikaanza kumsimulia Masunga, na sasa nakusimulia na wewe.

Kwetu ni Ipililo. Wewe uliyekulia upande wetu hujasahau: pamba, mtama, ng'ombe, vumbi, na ua wa minyaa kuizunguka kaya nzima. Minyaa haitaki matunzo. Unachomeka kijiti, kinaota, na ukikivunja yanatoka maziwa meupe. Kila mtoto wa kwetu alikuwa anaonywa kabla hajajua hata kuvaa nguo mwenyewe kwamba maziwa ya minyaa hayachezewi. Yakigusa ngozi yanaunguza. Yakiingia jichoni, jicho unaliaga.

Baba alikuwa anapiga. Sitatafuta neno la adabu, maana ameshazikwa na hawezi kunifuata. Alipiga ng'ombe, alipiga mbwa, alipiga punda mpaka punda akajifunza kulala chini kabla hajafikiwa. Alimpiga mayu, mama yetu, kwa chumvi kuzidi na kwa chumvi kupungua. Hakuwa mlevi. Watu wa mjini nikiwasimulia hupenda kusikia kwamba alikuwa mlevi, wapate pa kuiweka hiyo habari. Hakunywa hata tone. Alipiga akiwa na akili zake zote, asubuhi, jua linawaka, kisha ananawa mikono na kuomba uji.

Minza ndiye aliyenifundisha kuandika. Shuleni walituimbisha a, e, i, o, u tukiwa tumerundikana. Herufi zenyewe nilizipata kwake, jikoni, juu ya majivu aliyoyatandaza kwa ufagio. Alikuwa amemaliza darasa la saba, mrefu, mkimya, anacheka kwa pua. Alipokuwa ananishika mkono kuuongoza, alinibana vidole mpaka vikauma. "Bonyeza," ananiambia. "Ukiandika kwa woga, Kabula, hakuna atakayesoma." Nilimpenda dada yangu kwa wivu mbaya. Mtu akimwita, mimi ndiye naitika kwanza, nijue anamtakia nini.

Basi akaja mwanamume anaitwa Jilala. Alitoka upande wa Mwanhuzi, mfanyabiashara wa ng'ombe minadani, kofia ya pama, fimbo yenye kichwa cha shaba, na umri wa kumzaa Minza pasipo haraka. Mke wake alikuwa amekufa. Kisimani wanawake walisema amekufa kwa tumbo, kisha wakatazamana, na mmoja akaongeza kuwa hilo tumbo lilikuwa na alama ya buti. Nilisikia kwa masikio yangu haya, nimesimama na ndoo. Mtoto hahesabiwi mbele ya wanawake kisimani, wanasema tu.

Wazee walikaa uani wakapanga vijiti chini, kila kijiti ng'ombe mmoja, kama desturi ilivyo. Huyu anaongeza, yule anatoa, mpaka vijiti vikatulia. Hapo ndipo binti anaitwa na kuulizwa kama anawafahamu hawa wageni. Ni swali la heshima tu. Binti anainama, hamwangalii mtu, ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Minza akaitwa. Akaja, akapiga magoti, akawaamkia mmoja mmoja, "Mwadila, baba," vizuri kabisa, huwezi kumtoa kasoro. Akaulizwa. Akainua uso.

"Sitaki."

Hakulia, hakupandisha sauti. Mzee mmoja akakohoa. Baba akacheka, na mimi nikaogopa, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kucheka.

"Ana homa huyu," akawaambia wageni. "Malaria ya mvua hizi." Wageni nao wakacheka. Vijiti vikabaki palepale vilipokuwa.

Walipoondoka, baba alichukua fimbo ya kuchungia. Kila fimbo ikitua, Minza anasema sitaki. Mwanzo kwa sauti, kisha kwa sauti ndogo, kisha midomo tu ndiyo inatikisika. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya kinu, nimeuma kanga ya mayu, meno yananiuma kwa kubana. Mayu aliingia katikati huku Masunga yuko mgongoni, akakinga kwa mkono, na kidole chake cha pete kikavunjika. Alizikwa nacho kikiwa bado kimepinda. Kesho yake baba akampiga Minza tena. Na siku iliyofuata. "Unataka?" "Sitaki." Mgongo wake ulikuwa umetoa maji, nguo inaganda, mayu anaibandua kwa maji ya uvuguvugu, na ile harufu mimi naijua hadi leo. Halafu asubuhi moja baba akamuuliza, na Minza akanyamaza. Baba akaiweka fimbo chini, akaomba uji.

Mimi nikadhani sauti yake imekwisha. Ndivyo nilivyoelewa kwa akili yangu ya wakati ule: kwamba neno la mdomoni linatumika, linapungua, linaisha, sawa na sabuni. Na dawa yake nilikuwa naijua. Darasani kwetu mwalimu akitoka, kiranja anaandika ubaoni majina ya wapiga kelele. Mwalimu akirudi hamuulizi mtu. Ungelia, ungeapa kwa mama yako, ungesema umekuwa kimya tangu asubuhi, thubutu! Jina liko ubaoni, utachapwa. Kuna mtoto alikuwa amelala usingizi kipindi kizima, jina lake likaandikwa kwa chuki tu, na akachapwa huku anapiga miayo. Kwa hiyo nikajua. Kinachosemwa watu wanakibishia, kinachoandikwa kinatendeka. Kosa la Minza ni kwamba alikuwa anasema tu.

Sasa niandike wapi? Majivu yanafagiliwa. Ukutani mayu angepaka udongo. Pahali pake pakaja penyewe kwa miguu minne. Kundi la kwanza la ng'ombe wa mahari lililetwa kwetu, na katikati yake alikuwemo mtamba mmoja mweupe, hana doa hata kwenye kwato, mpole kupita kiasi. Baba alimpenda yule mtamba. Jioni alikuwa anaingia zizini anamkuna shingo, anaongea naye kwa Kisukuma cha chini chini. Mimi sikumbuki baba kunigusa kwa kiganja kilichofunguka. Nilikuwa nasimama kwenye ua nawatazama wale wawili, na nikamchagua yeye.

Wavulana wa shuleni walikuwa na mchezo wa kijinga. Wanavunja kijiti cha minyaa, wanajichora majina mkononi, wanavumilia malengelenge kwa sifa, na ngozi ikipona jina linabaki. Nilikuwa nimeyaona majina hayo. Basi mchana mmoja, ng'ombe wamepumzika, nilimwendea mtamba kwa kisingizio cha kumtoa kupe. Ile ilikuwa kazi yangu, hakuna ambaye angeuliza. Nikamtoa kupe kweli, masikioni, chini ya mkia, akasinzia kwa raha. Kisha nikavunja kijiti, nikageuzia uso pembeni, nikaandika. Maziwa meupe juu ya manyoya meupe, huoni kitu. Nikarudia kesho yake palepale, nikapapasa ngozi pale ilipoanza kuvimba. Nilibonyeza, kama Minza alivyonifundisha. Yule mnyama alitetemesha ngozi, akageuka, akanilamba kiwiko. Kidole changu cha shahada kilitoka lengelenge, nikamwambia mayu nimeungua na sufuria.

Nikasubiri. Wee, kusubiri kule! Naenda shule narudi mbio, namzunguka mtamba, hakuna kitu ila ngozi imevimba na nzi wamejaa. Kisha manyoya yakaanza kudondoka kwa mistari. Baba akaona. Unajua alichofanya? Alidhani ni ukurutu. Akaenda kwa mtu mwenye trekta, akaomba oili chafu kwenye kopo, na kila jioni akawa anampaka mtamba wake palepale penye upara, kwa kitambaa, taratibu, anafuata kila mstari asikose. Baba hakujua kusoma. Alikuwa ananikolezea wino, mzee wa watu, siku baada ya siku, na mimi nimeshika taa ya kibatari namwangalia S inakuwa nyeusi, I inakuwa nyeusi. Nilijibana mbavu nisicheke. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, nasema kweli, hata siku ya harusi yangu.

Ikafika siku ya kumchukua Minza. Jilala alikuja na kundi la mwisho la ng'ombe, wazee wake, shangazi yake, na vijana wa kuswaga wenye fimbo. Wanawake wakapiga vigelegele. Minza alikuwa ndani na mayu, anapakwa mafuta, anavalishwa shanga, mlango umefungwa. Wanaume wakaingia zizini kuangalia ng'ombe wote kwa pamoja, na baba, kifua mbele, akamtoa mtamba mweupe uwanjani akimvuta kwa kamba mbele za watu.

"Huyu alipatwa na ukurutu," akatangaza. "Nimemtibu kwa mikono yangu. Tazameni alivyonawiri."

Wakatazama. Jilala alikuwa amejifunza kusoma minadani, kwa kufuata chapa za watu kwenye ng'ombe, kwa hiyo hakuweza kuona alama ubavuni akaiacha. Akasogea, akainamisha kichwa, kofia ikamficha uso.

"Si," akasema. "Si-ta." Akasimama kidogo. "Sitaki."

Vijana kwenye ua wakaangua kicheko. Mzee mmoja wa upande wao akauliza, "Nani hataki?"

Ndipo yule shangazi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake na tumbaku mdomoni, akanyanyuka polepole, mkono umeziba mdomo.

"Jilala," akasema. "Huyu mtamba si yule aliyelelewa na marehemu mkeo? Si ndiye huyu ndama aliyekuwa anamnywesha maziwa kwa kibuyu, ng'ombe mama yake alipokufa?" Akarudi nyuma hatua. "Ni yeye huyo. Amekuja kusema hataki."

Kicheko kikakatika. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote na nilimwona Jilala usoni. Rangi ilimtoka. Alimtazama yule ng'ombe jinsi unavyomtazama mtu ambaye ulimwacha chini ukaondoka, na sasa amesimama mlangoni. Nilikuwa mtoto, sikuelewa. Nilidhani anasumbuliwa na jua. Leo ninaelewa, na laiti ningekuwa na nafasi ya kumwangalia tena ningemwangalia kwa muda mrefu zaidi.

Lakini mtu wa namna ile hakai na woga, anamtafuta wa kumbebesha. Akamgeukia baba.

"Umeniendea kwa mganga!" akapiga kelele. "Unakula ng'ombe wangu halafu unaniendea kwa mganga!"

Akampiga baba kwa kile kichwa cha shaba, juu ya sikio. Nilisikia mlio wake. Vijana wakaingia na fimbo, majirani zetu nao wakaingia na zao, wanawake wakapiga yowe, ng'ombe wakatawanyika wakikanyaga vyungu vya ugali na nyama. Nilimwona mzee jirani yetu, mtu mpole anayeimba kanisani, anampiga kijana wa watu magotini kwa mchi. "Mchawi! Mchawi huyu!" walikuwa wanapaza sauti, na mchawi ni baba. Unajua kwetu neno hilo likitamkwa mbele ya watu wenye fimbo linakwenda wapi. Baba alijinasua mikononi mwao, damu inamtiririka shingoni hadi kwenye shati jeupe, akaokota shoka la kuni. Hakumwendea Jilala. Akamwendea mtamba.

"Nani hataki?" Akamkata shingoni. "Nani hataki? Nani?" Mtamba akapiga magoti kwanza, miguu ya mbele, kwa adabu yake ileile, bila kulia. Akaanguka upande wa pili, maandishi yako juu. Baba akaendelea kukata hata alipokwisha kufa. Vipande vya nyama vilirukia hadi kwenye gauni langu.

Na mimi nilikuwa nimesimama palepale nangojea. Nilikuwa nimengojea siku zote zile baba asomewe neno, aseme haya, basi, kwa kuwa limeandikwa. Sikuwa nimefikiria kwamba mtu anaweza kusomewa neno akachukua shoka. Walipomzingira tena baba, wanamwita mchawi, fimbo zinapanda na kushuka, nilipiga ukelele ambao sikujua ninao.

"Ni mimi! Si marehemu! Nimeandika mimi, kwa minyaa!"

Nilisema mara nyingi mpaka fimbo zikatulia. Jilala akanijia. Akachuchumaa mbele yangu, jasho linamtoka, pumzi yake inanuka tumbaku.

"Wewe? Mkono wako huu?"

"Ndiyo, baba."

"Na marehemu hayumo humu? Hukuota, hukuambiwa?"

"Simjui mimi."

Akanitazama kidole, lile kovu la lengelenge. Akavuta pumzi, akaanza kucheka. Alicheka huku anajifuta uso kwa kofia. "Kumbe ni mtoto!" akawaambia watu wake. "Ni mchezo wa mtoto, jamani!" Nao wakaanza kucheka, na damu zao zinawatoka. Kisha akanyanyuka, akakung'uta magoti. "Basi yaishe. Leteni binti tuondoke."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya kwa mdomo wangu. Neno langu lilikuwa limeshamsimamisha yule mtu, na mimi nimelibomoa. Nilitaka kumeza maneno yote yarudi. Nikamkimbilia Jilala nikamng'ata mkono, nikang'ang'ania mpaka nikaonja damu, akanitupa chini.

Baba alikuwa amekwenda kwenye ua. Alikuwa amevunja tawi zima la minyaa, nene, linachuruzika maziwa kila mahali lilipokatika. Akaja nalo kwangu. Uso wake ulikuwa umetulia kama asubuhi zote, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko shoka.

"Umeandika kwa hii?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Fumbua macho."

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Sikumwona Minza akija, nilisikia shanga. Aliruka katikati yetu pale tawi lilipokuwa linashuka, likampiga usoni, na maziwa yakatapakaa. Hakulia. Alisimama, akaziba jicho kwa kiganja, kisha akaondoa kiganja. Jicho lilikuwa limefumba, machozi meupe yanashuka shavuni juu ya yale mafuta aliyopakwa. Akainama, akalichomoa shoka lililokuwa limekwama kwenye shingo ya mtamba. Alitumia mguu kulichomoa.

"Rudia," akamwambia baba.

Baba akabaki na tawi lake mkononi. Minza akamgeukia Jilala, shoka limeinuliwa, damu ya ng'ombe inamdondokea begani, amepambwa kama bibi harusi alivyo.

"Sitaki," akasema. "Sitaki. Sitaki. Umesikia sasa, au nikuandikie?"

Hakuna mtu aliyecheka. Jilala alitazama shoka, akatazama mtamba, akamtazama shangazi yake. Shangazi akatikisa kichwa.

"Swageni ng'ombe," Jilala akawaambia vijana wake. "Huyu ataniua nimelala."

Wakaondoka na ng'ombe wao wote, isipokuwa yule aliyekufa. Mayu alimlaza Minza kivulini mwa ghala, akampa Masunga titi moja, na lile jingine akalikamua ndani ya jicho la Minza, akikamua na kufuta, akikamua na kufuta, maana kwetu hakuna dawa nyingine ya minyaa. Masunga alilia kwa kunyimwa titi la pili. Mjomba alikuja na lori la pamba wakampeleka mjini Bariadi hospitalini, na madaktari walifanya waliloweza, lakini jicho lilikuwa limeshapikika. Kutoka pale hakurudi nyumbani. Alipitilizwa Lamadi kwa mama mdogo anayeuza dagaa, na ndiko aliko hata sasa, ana meza yake mwenyewe sokoni, ana mume aliyemchagua, na mdomo wake wavuvi wanauogopa. Baba akiwa hai, Minza hakukanyaga tena Ipililo. Mimi nilipigwa jioni ile ile, na siku nyingine nyingi, mpaka nilipopata pa kwenda. Sijutii hata herufi moja.

Nilipomaliza, Masunga alikuwa amekaa kwenye fremu ya kitanda, mikono kwenye magoti.

"Mimi alikuwa ananiambia ni ngozi ya ng'ombe mzuri kuliko wote aliowahi kuwa naye," akasema. "Nikitaka kumbadilishia anakataa. Kwa nini alikaa nayo?"

"Sijui," nikamwambia. "Na usinitafutie huruma hapo, sina."

Kusema kweli nilikuwa na woga. Si kwa ajili ya baba. Kwa ajili ya swali ambalo sijawahi kumuuliza dada yangu, mimi niliyezoea kuwachokonoa watu wote wa ukoo huu kwa maswali makali. Nikaenda nikapiga magoti karibu yake, nikashika ncha ya shuka tufunge fundo pamoja.

"Minza. Lile jicho. Nisingeandika, ungekuwa nalo."

"Ningekuwa nalo," akasema. Hakusita.

"Unanilaumu?"

Alikaza fundo kwa meno kwanza. Kisha akanigeuzia kichwa chote.

"Kabula, siku ile asubuhi nilikuwa nimeshakubali. Hukujua? Nilimwambia mayu mwenyewe. Nikamwambia nipake mafuta vizuri, naenda, nimechoka kupigwa, acha nikafie huko mara moja. Hata lile neno nilikuwa nimelisahau, nakuapia, lilikuwa limetoka mwilini. Nimekaa ndani na shanga zangu, ndipo namsikia Jilala anasoma huko nje, kwa sauti yake mwenyewe. Si-ta-ki. Nikajiuliza, ni nani huyo mwenye jeuri namna hiyo hapa kwetu?" Akacheka kwa pua. "Nilikaa muda, mdogo wangu. Halafu nikakumbuka kuwa ni mimi."